Nyumba Mbili Zinangoja

Kata iligusa ukingo wa ndoo, ikanyamaza. Baada ya kitambo ikagusa tena, taratibu, kama imeshikwa na mtu anayechota maji huku akiiomba ndoo isimsemee.

Zulfa alifumbua macho gizani. Hakuwa Nalasi, kijijini kwa mama yake. Alikuwa Songea, mtaa wa Bombambili, kwenye kitanda cha Bibi Skolastika, na mwenye kitanda alikuwa akikoroma kidogo pembeni yake. Jana jioni bibi huyu alimwachia upande wa ukutani ambako upepo haufiki, na usiku, akidhani mgeni amelala, akamwongezea blanketi lake mwenyewe. Zulfa hakuwa amelala. Alilivuta taratibu akamrudishia nusu, wakalala hivyo, kila mmoja akijifanya hajui.

Kule jikoni ukuni ukapasuka. Kifuniko kikawekwa juu ya sufuria. Sasa alijua ni nani na anafanya nini, na moyo ukaanza kumdunda kabla hajaupa ruhusa.

Gaudence alikuwa anamchemshia maji ya kutawadha.

Ndivyo alivyokuwa akifanya Minsk. Walipelekwa kusoma Urusi ya Kisovieti mwaka ule ule, Zulfa magonjwa ya mimea, Gaudence uhandisi wa maji, na majira ya baridi mabomba ya bweni yalitoa maji yanayokata vidole kama wembe. Zulfa alikaa ghorofa ya nne, Gaudence alikaa chini. Kila alfajiri birika la maji ya moto liliwekwa mlangoni kwake, mlango ukagongwa mara moja, hatua zikashuka ngazi. Kijana Mkatoliki wa Songea aliamka gizani kwa ajili ya sala isiyokuwa yake. Judica, msichana wa Kipare aliyekaa naye chumba kimoja, alijifunika blanketi usoni na kusema, "Amka, Mkatoliki wako amepita."

Zulfa alijitanda kanga akatoka. Gaudence alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, koti limepandishwa kola. Alipomwona alisimama haraka, kama mwanafunzi aliyekutwa anapiga soga.

"Nimekuamsha," alinong'ona.

"Nani angelala na kelele zako?"

"Nilichota polepole."

"Ndiyo maana niliamka. Mwizi ndiye anayechota polepole."

Gaudence alitaka kucheka, akajizuia asimwamshe bibi yake. Yalikuwa maneno yao ya kwanza wakiwa wawili. Jana, tangu Zulfa ashuke kwenye lori, walikuwa wamezungukwa na majirani waliokuja kumwona huyo Myao wa Gaudence, na wao wenyewe waliishia kuulizana habari za barabara.

"Maji yamepata moto, changanya kwanza," alisema.

"Maji ya moto nayajua, Gaudence."

Akamwekea ndoo kwenye jiwe la kuogea, akageuka atazame ukuta. Kisha akasema, bado ameutazama ukuta, "Zulfa. Umefuata nini?"

"Si nilimwambia Bibi? Nimefuata salfa, dawa ya mikorosho. Ugonjwa wa ubwiriunga umeanza, maua yanakauka."

"Salfa angekuja kuichukua dereva peke yake."

Zulfa aliingiza mkono majini. Joto lile lilipanda hadi kwenye kiwiko, likamfanya atamani kulia.

"Ngoja niswali," alisema. "Lori linaondoka saa nane mchana. Kabla ya hapo nitakuuliza neno moja, na wewe utanijibu neno moja."

*

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba hata jirani haonekani. Zulfa na Bibi Skolastika walikaa jikoni wakimenya viazi vitamu vilivyochemshwa. Macho ya Bibi yalikuwa yamefifia. Aliona mwanga na vivuli, basi. Lakini vidole vyake vilimenya kiazi bila kukivunja, na kila alipomaliza kimoja alikipapasia sahani ya mgeni, si yake.

"Mjukuu wangu, niambie kweli," Bibi alisema. "Huko kwenye barafu, mtu akilia machozi yanaganda?"

"Sijui, Bibi. Mimi nililia ndani, kwenye joto."

Bibi alicheka. "Una akili. Na huyu wangu, alilia?"

"Huyo alianguka. Ule mwaka maduka yalipokuwa matupu, tulipanga foleni ya viazi tangu asubuhi, tukapata mfuko mmoja wa watu watatu. Akasema atabeba yeye. Tunafika mbele ya chuo, barafu ikamvuta miguu, akakaa chini puu! Viazi vikateremka mlima wote, na profesa wake anapanda."

"Profesa akafanyaje?"

"Akainama kuokota. Mzee mzima na kofia yake ya manyoya, anaokota viazi vyetu, anatia mfukoni mwa koti lake, analeta. Gaudence bado amekaa, anamwambia shikamoo kwa Kiswahili."

Bibi alicheka hadi akaweka kisu chini. "Mungu ambariki huyo profesa. Mlikuwa mnakula nini, watoto wa watu?"

"Ugali tuliupika kwa unga wa ngano wa chenga. Mweupe, laini, haushikiki. Gaudence alikuwa anautazama anasema, huu ni uji uliovaa suti. Lakini tulikula chungu kimoja, Bibi. Judica akipata yai, linakatwa vipande vitatu. Hatukuwahi kulala njaa mmoja peke yake."

Bibi alipapasa akitafuta kiazi kingine. Kisha akasema kwa sauti ya utani, maana Wangoni na Wayao ni watani tangu vita vya mababu, "Lakini ninyi Wayao hamuachi tabia. Zamani mlitusomba mkatupeleka pwani. Leo unataka kunisombea huyu mmoja niliyebaki naye, umpeleke Nalasi."

Zulfa alishtuka. Kumbe bibi alijua. Akajibu utani kwa utani, kwa sababu ndiyo heshima yake.

"Na ninyi Wangoni, Bibi, babu zenu walitembea kwa miguu na mikuki kuja kuchukua wanawake wetu. Huyu wa leo ameshindwa kuja hata kwa lori."

"Hapo umenipata, mtani!" Bibi alipiga goti lake. "Hapo umenipata." Alicheka sana, kisha kicheko kikaisha na hakikuacha kitu usoni mwake ila uchovu. "Ngoja niende uani," alisema, akainuka.

Zulfa alisimama ili amshike mkono. Bibi alikataa. Alitoka mlango wa jikoni, akanyoosha mkono juu, akashika kamba ya katani.

Kamba hiyo ilianzia kwenye mwimo wa mlango, ikapita nguzo ya kuanikia, ikaenda hadi chooni nyuma ya migomba. Bibi aliifuata kwa vidole, hatua kwa hatua, akaingia ukunguni akatoweka.

Zulfa alisimama pale mlangoni, kamba inatikisika mbele ya uso wake.

Aliijua. Likizo moja ya baridi, mwalimu wao aliwachukua wao watatu kwenda kijijini kwa mama yake mzazi. Ikaja dhoruba ya theluji, mchana ukawa mweupe hata mkono wako huuoni. Mama yule alikuwa amefunga kamba kutoka mlangoni hadi kwenye zizi la ng'ombe, maana watu walikuwa wakipotea hatua chache kutoka nyumbani wakafa. Gaudence akasema mama mzee hatoki, atakamua yeye. Akatoka. Zulfa alisimama mlangoni ameishika kamba kwa mikono miwili, haoni kitu, hasikii kitu ila upepo, mpaka kamba ilipoanza kutetemeka. Alimsikia anakuja kupitia viganja vyake mwenyewe kabla hajamwona. Siku hiyo ndipo alipojua kwamba kijana huyu akipotea, yeye hana la kufanya duniani.

Na sasa kamba ile ile ilikuwa hapa Bombambili, na aliyeshikilia mwisho wake alikuwa mtu mwingine. Neno moja alilolibeba kutoka Nalasi lilianza kuwa zito mdomoni.

*

"Njoo uone," Gaudence alisema.

Nyumba ilikuwa hatua chache tu kutoka ya Bibi. Vyumba viwili na sebule, matofali ya kuchoma, bati jipya. Na juu ya bati lile, kitu ambacho Bombambili nzima haikuwa nacho: bomba la moshi la matofali, limesimama kama shingo ya mtu anayechungulia.

"Hilo nini?" Zulfa aliuliza, ingawa aliona.

"Mahali pa kuotea moto. Sebuleni." Gaudence alikwaruza shingo. "Ulikuwa unasema ukirudi Tanzania hutaki kusikia baridi tena. Na Songea mwezi wa sita, si unaona mwenyewe. Majirani wananicheka. Wanasema nyumba yangu inavuta sigara. Fundi mmoja ananiita Padri, maana bomba kama hili aliliona misheni tu."

Waliingia. Ndani palinuka chokaa. Dirisha la chumba cha pili lilielekea kaskazini, na sakafuni chini yake palikuwa na mkeka mpya, umekunjwa, haujawahi kutandikwa.

"Nilimuuliza Mwislamu mmoja kazini kibla kiko wapi," alisema Gaudence kwa sauti ndogo. "Nikaweka dirisha huko."

Zulfa aliutazama ule mkeka. Kama angekuwa amegombana naye tangu mwanzo ingekuwa rahisi.

"Umeijenga lini?"

"Nilianza mwaka ule tuliorudi. Mwaka jana nikamaliza."

"Na kila jioni unaingia unafanya nini?"

"Nafagia. Nangoja."

"Na mimi nina nyumba," Zulfa alisema. "Hukuambiwa? Mjomba Daimu alinipa kiwanja pembeni ya mama. Akafyatua tofali yeye mwenyewe na wanawe. Ina baraza pana, kwa sababu nilimwambia huyo mwanamume anapenda kukaa nje jioni. Ina mikorosho sita nyuma. Watu wa Nalasi wakapita wakauliza, mwenyewe yuko wapi? Mama anajibu, anakuja. Msimu wa kwanza anakuja. Msimu wa pili anakuja. Sasa Mjomba anaweka magunia ya korosho humo, na mama hajibu tena kitu."

"Zulfa..."

"Nimalize. Kwetu mwanamume ndiye anayekuja. Anafika, anaonekana, anakaa kwa wakwe, ndipo anaitwa mume. Asiyekuja hakumtaka mwanamke huyo. Ndivyo mama yangu anavyoulizwa kisimani: huyo msomi wako alimkataa nani, wewe au binti yako?"

"Kwetu mwanamke ndiye anayekuja," Gaudence alisema. "Unajua."

"Najua. Na wewe unajua ya kwetu. Tulikaa miaka mitano chungu kimoja, hakuna desturi ambayo hatukusimuliana. Pale stesheni, siku ninaondoka, ulisema nini?"

Gaudence aliinamisha kichwa. "Nilisema nitakungoja."

"Na mimi nikasema nitakungoja. Na Judica akasimama katikati yetu, theluji imejaa kwenye nyusi, akasema, ninyi wawili mkingojana wote, nani atatembea? Tukacheka! Tulicheka, Gaudence. Treni inaondoka, na sisi tunacheka."

"Nilidhani kwa ajili yangu utaivunja ya kwenu," Gaudence alisema.

"Na mimi nilidhani kwa ajili yangu utaivunja ya kwenu."

Nje jogoo aliyechelewa aliwika, akaona aibu akaacha.

"Uliza neno lako," alisema Gaudence.

Zulfa alijishika mikono. "Kuna mtu amepeleka posa. Anaitwa Jumanne, mnunuzi wa korosho. Si mtu mbaya. Mkewe alifariki. Amekaa na Mjomba mara mbili, amekula, ameonekana. Ijumaa baada ya sala Mjomba atamjibu. Mjomba amenipenda, ameniambia, mwanangu, nenda kamwulize huyo wako mara ya mwisho, nisije nikakufungia mlango na mtu yuko njiani. Sasa nakuuliza. Unakuja Nalasi kukaa na mimi, au huji?"

Alimwona akitafuta jibu. Alimwona akitazama dirisha, na nje ya dirisha, kule uani, kivuli cha bibi kikirudi kinafuata kamba.

"Siwezi," alisema. "Bibi ananitegemea. Baba yangu alikufa mimi mdogo, mama akaolewa kwingine, huyu ndiye aliyenibeba. Siwezi kumwacha gizani, Zulfa."

"Najua huwezi. Nimeiona kamba."

"Basi kaa wewe. Kila kitu kipo."

"Na mikorosho? Wilaya nzima wanaoitibu ni mimi na vijana wawili. Mama yangu ana watoto wa kike wawili, mmoja kaburini. Niache wote nije niote moto wako?"

Alitaka kusema hivyo kwa upole. Ilitoka kama kofi. Gaudence aliumauma mdomo akageukia ukuta wake.

"Ninyi mnagombana au mnanunua nyumba?"

Shangazi Paskalina alikuwa amesimama mlangoni, kikapu mkononi, kilemba kimekaa upande kwa haraka ya kutoka mtaa wa Lizaboni. Alikuwa binti wa Bibi Skolastika, na habari za mgeni zilikuwa zimemfikia kabla ya chai.

"Shikamoo, Shangazi," Zulfa alisema akipiga goti kidogo.

"Marahaba, binti. Wewe ndiye Zulfa. Mzuri, sikatai." Alimtazama kwa makini. "Nitasema mbele yako, nisije nikaitwa msengenyaji. Mimi sikuchukii. Lakini wewe una msikiti wako na huyu ana kanisa lake. Hilo mmelipanga vipi?"

"Mjomba alisema la dini watalizungumza akifika. Sasa mtu hajafika, Shangazi. Azungumze na nani?"

"Mh! Na nasikia mnataka ahamie kwenu. Mwanamume wa Kingoni abebe begi, aende kukaa kwa mama mkwe, aambiwe leo chota, kesho palilia? Huyo ameoa au ameolewa?"

Zulfa alimtazama Gaudence ajibu yeye. Gaudence alitazama chini, na masikio yake yakawa yameiva.

Hapo Zulfa akaelewa kwamba si Bibi peke yake anayemzuia. Alimwamkia tena shangazi kwa kichwa, akatoka nje.

*

Uani, Bibi Skolastika alikuwa amesimama katikati ya safari yake, anapumzika. Mkono wake ulikuwa juu, umening'inia kwenye kamba kama wa mtoto anayening'inia kwenye tawi.

"Bibi, mkono hauumi?"

"Unauma, lakini umezoea. Alipoifunga nilikuwa nimenyooka. Sasa mgongo unanishusha kila mwaka, na kamba imebaki juu." Alicheka. "Simwambii, atajilaumu. Ana mambo mengi."

Zulfa alirudi mlangoni, akafungua fundo la kwenye mwimo kwa kucha na meno. Akamsimamisha Bibi pembeni, akapima kamba kwenye nyonga yake, akafunga upya. Akaenda kwenye nguzo, akashusha. Akaenda chooni, akashusha. Kanga yake ilishika umande mpaka magotini. Aliporudi alimkamata Bibi mkono, akauweka juu ya kamba.

"Jaribu."

Bibi alitembea. Mkono ulikaa pale pale ulipo, bila kunyooshwa. Alifika nguzoni akageuka, uso wote ukicheka. "Hee! Kumbe njia ni fupi hivi!"

Shangazi Paskalina alikuwa ameona yote kutoka mlango wa nyumba mpya. Gaudence alikuwa nyuma yake. Alipita kamba ile kila siku iendayo kwa Mungu, na hakuwa ameuona ule mkono.

"Gaudence," Bibi aliita. "Njoo hapa. Umemjibu nini mtoto wa watu?"

"Nimemwambia siwezi kukuacha, Bibi."

"Kwa sababu yangu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Mwongo."

Neno lenyewe halikuwa na hasira. Alilisema kama mtu anayemwonyesha mtoto kamasi.

"Bibi..."

"Mimi nina binti hapa Songea. Nina majirani. Huyu mama wa Derick hapo jirani hapiki mboga asiniletee. Wewe unaniacha wiki nzima ukienda kwenye visima vyenu vya serikali, na hujawahi kunikuta nimekufa. Sasa niambie kinachokufunga. Usijifiche nyuma ya kizee."

Gaudence alimtazama Zulfa, kisha shangazi, kisha miguu yake.

"Naogopa," alisema mwishowe. "Naogopa kuitwa mwanamume aliyeolewa. Miaka yote hii ningeweza kwenda walau kusalimia. Lori zipo. Kila mwezi najiambia, nikienda, nimehamia. Nikienda mara moja, watanihesabu wao. Nikakaa nafagia nyumba."

Alipomaliza alikuwa anahema kama aliyebeba mzigo mlimani.

Zulfa alisikia maneno yale yakimwingia. Yaliuma kuliko lile la kwanza. Na bado, kwa namna ambayo hakuweza kuieleza, yalimtuliza. Miaka miwili alikuwa akijiuliza ana kasoro gani. Kumbe palikuwa na mtu mzima anayeogopa kuchekwa.

"Sikuja kukuhamisha," alisema. "Nilikuja nikidhani hivyo. Lakini nimeona, na kukuhamisha sitaki tena. Mimi pia sitahama; nitakuwa nakudanganya nikisema vingine. Sijui watu kama sisi wanakaaje."

"Basi Jumanne..."

"Huyo Jumanne nitamkataa mwenyewe Ijumaa. Siyo kwa ajili yako. Mtu mwema asipewe mwanamke anayesikiliza mlango."

Bibi Skolastika aliguna polepole. Shangazi Paskalina alifunga upya kilemba chake, ingawa sasa kilikuwa kimekaa vizuri.

*

Saa nane lori la idara ya kilimo lilikuwa limejaa mifuko ya salfa na mashine za kupulizia. Vumbi la njano lilimfanya dereva apige chafya mfululizo. Zulfa alikuwa amemshika Bibi mkono. Kizee alikataa kuagwa nyumbani, alitaka kufika barabarani.

Gaudence aliweka mfuko wa Zulfa mbele, akakawia kushuka kwenye ngazi ya lori.

"Twende wote," alisema ghafla. "Sasa hivi. Nipande."

"Usije na mimi. Nalasi watasema nimekwenda kukuokota. Mjomba hatakuangalia hata usoni."

"Basi nitakuja Jumatano. Kuna landrova ya posta hadi Tunduru mjini. Huko nitaazima baiskeli. Nitafika Alhamisi, nikae mbele ya Mjomba wako kabla hajamjibu mtu."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba nimechelewa. Kwamba nina bibi siwezi kumwacha na mwanamke siwezi kumwacha. Anifundishe."

"Atakufukuza."

"Atanifukuza nikiwa nimefika."

Zulfa alimtazama. Vumbi la salfa lilikuwa limemshika kwenye kope, likamfanya aonekane mzee. Alitaka kulifuta, lakini barabara ilikuwa na watu, naye alikuwa mtoto wa watu. Akafuta la kwenye kope zake mwenyewe, polepole, akiwa amemkazia macho. Gaudence alimwelewa, akafuta lake.

"Sitamwambia mama," Zulfa alisema. "Ameshangoja sana. Ukija, uje. Usipokuja, awe hajui."

"Nitakuja."

"Usiape, Gaudence. Njoo tu."

Shangazi Paskalina alikohoa. "Mimi nitahamia kwa Mama tangu Jumatano mpaka arudi," alisema, akiangalia matairi. "Lakini watu wasije wakasema nimekubali. La dini sijakubali. Nakwenda kumwangalia mama yangu."

"Ahsante, Shangazi," Zulfa alisema.

"Usinishukuru. Shika hiki." Akamsukumia kikapu alichokuja nacho asubuhi. Ndani mlikuwa na maharage mabichi na kuku aliyefungwa miguu, ambaye alikuwa amemletea mama yake. "Mpe mama yako. Mwambie ni mboga tu ya njiani, isije ikachukuliwa kuwa ni posa."

Zulfa alikipokea kwa mikono miwili.

Dereva aliwasha gari. Bibi Skolastika hakuuachia mkono wa mgeni wake. Alimvuta karibu, akampapasa uso kuanzia paji hadi kidevuni, kama anayesoma mahali asipoweza kuona.

"Mjukuu wangu, sikiliza," alisema. "Huyu anaweza akafika huko, anaweza akaishia njiani. Mjomba wako anaweza akakubali au akakataa. Hayo ni yenu, mimi siyawezi. Lakini jana tulilala na blanketi moja, na miaka mingi hakuna mtu aliyenirudishia nusu."

"Bibi, kumbe ulikuwa macho?"

"Kizee halali." Gari lilinguruma, akapandisha sauti. "Uje tena. Ukiwa mke wa huyu, uje. Ukiwa mke wa mwingine, uje pia, sitakuuliza. Usije kwa ajili ya salfa, wala usije kutafuta jibu. Njoo kunitembelea mimi. Utakuja?"